Nimemsomesha dogo Mweka, haya ndo niliyoyaona

Wadogo zangu mliomaliza fomu siksi mnaouliza chuo, mi nawaambia Mweka, kile chuo cha wanyamapori juu ya Moshi. Mdogo wangu kamaliza diploma pale na ada nalipa mimi, kwa hiyo hela yangu nimeiona ilikoenda.

Kufika ni daladala tu kutoka Moshi mjini, mnapandisha katikati ya migomba na kahawa, ndo upande uleule wanaoshukia wapanda Kilimanjaro. Baridi ya Juni na Julai usiifanyie utani, beba blanketi zito.

Chuo kipo tangu 1963, miaka miwili baada ya Nyerere kutoa lile tamko la Arusha la kulinda wanyamapori, na kinapokea watu wa nchi nyingi za Afrika, dogo chumba kimoja alikaa na Mzambia mpaka leo wanapigiana simu.

Ila kilichonikamata mimi ni fildi. Yani wanabeba mahema wanaenda kukaa porini siku kadhaa, wanahesabu wanyama, wanasoma nyayo na vinyesi, jioni wanapika wenyewe, na kwa vile wako wachache mwalimu anakuona kabisa kama umeelewa au unafuata mkumbo tu. Mi nilisoma chuo kikubwa, sikitaji jina, lekcha nyingine tunasikilizia dirishani, miaka mitatu mwalimu hanijui hata sura.

Sasa likizo moja dogo yuko nyumbani Singida, mbuzi wawili wa jirani wakaliwa usiku, watu wakasema chui huyo, wengine washaanza kutafuta sumu. Dogo akaenda akachuchumaa pale zizini akasema wazee wangu oneni hizi alama za kucha, chui anatembea kucha kazificha, huyu ni fisi, tuzibe zizi kwa miiba tena juu mpaka chini. Mzee mmoja alibisha sana, mwisho wakaziba, na sumu haikutegwa. Mimi nilisimama pale machozi yananilenga, mtoto wa miaka 21 wazee wanamsikiliza.

Kama unataka chuo cha mjini chenye pilikapilika, hapa utapaona pakimya. Anayependa pori asisite. Na buti anunue mapema azivae nyumbani zilainike, dogo alienda fildi ya kwanza na mpya akarudi visigino vimechubuka vyote.