Mche upi ununue? Vichaka vya maua vya asili, kuanzia ulio bora

Ukiingia kitaluni, jicho hukimbilia kichaka kilichojaa maua. Lizuie, maana unachonunua hasa ni mizizi. Niliwahi kubeba kichaka kikubwa kilichochanua toka juu hadi chini. Msimu uliofuata nilikifukua kimekauka, mizizi imejiviringa vilevile kwa umbo la kopo, haijagusa udongo wangu hata kidogo.

Ndiyo maana namba moja naipa mche mchanga wa kopo au kiriba cha lita 1 hadi 4, uliooteshwa kwa mbegu za eneo lenu. Hushika ardhi upesi, na mara nyingi baada ya miaka michache huwa umelingana na ule ulionunuliwa mkubwa. Kabla ya kulipa, omba uuchungulie: shika shina katikati ya vidole, pindua kopo, gonga kitako. Ukiona ncha nyeupe zimetawanyika kwenye udongo, chukua. Mizizi ikiwa myeusi, inateleza na inanuka uozo, rudisha.

Wa pili ni mche wa kipandikizi, yaani uliooteshwa kwa kipande cha tawi la mmea mama. Kwa kawaida huchanua mapema kuliko wa mbegu, na rangi ya maua unaijua tangu mwanzo. Ila miche yote ya mama mmoja ni mmea uleule, na vichaka vingi havizai kwa chavua yao wenyewe. Kama unataka matunda kwa ajili ya ndege, chukua miche ya mama wawili.

Miche ya mizizi mitupu, inayouzwa bila kopo wala udongo, naiweka ya tatu. Bei yake ni nafuu, lakini inafaa vichaka vinavyopukutisha majani, tena vikiwa vimelala bila majani, na mizizi isiachwe ikauke. Kopo kubwa ni la nne, sababu nimeshaieleza. Mbegu ni za tano kwa kuwa zinadai subira ya miaka.

Kichaka kilichochimbwa porini usinunue kabisa. Mizizi mingi imekatikia huko, na pori limepungukiwa.

Tena, uliza jina la kisayansi, kwani neno "asili" huandikwa kwenye kibao chochote. Bugenvilia ni ya Amerika Kusini. Lantana camara, ya Amerika ya tropiki, imekuwa gugu vamizi Afrika, Asia na Australia, na bado watu huipanda kwa uzuri wake. Uliza pia kama mche umepigwa dawa za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi. Mmea huzifyonza hadi kwenye chavua na nekta, na nyuki uliowapandia kichaka ndio watakaozila.