Katy Trail mjini Rocheport: reli ya kale, njia njema ya baiskeli

Rocheport ni mji mdogo wa jimbo la Missouri, Marekani, ulioko pale kijito cha Moniteau kinapoingia Mto Missouri, na kwa maoni yangu hakuna mahali panapofaa zaidi kuionja Katy Trail, njia ya miguu na baiskeli yenye urefu wa takribani kilomita 386 iliyopita juu ya tuta la iliyokuwa reli ya Missouri-Kansas-Texas.

Fahari ya mji ni handaki la mita 74 hivi, lililochimbwa mwambani wakati reli ilipojengwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Tao lake la mawe yaliyochongwa limepangwa kwa ustadi unaomlazimu mpita njia kushuka kwenye baiskeli na kuyapapasa maungio yake kwa vidole. Treni zilikoma mwaka 1986, mafuriko yalipoiharibu njia. Lakini sheria ya shirikisho ya 1983 iliruhusu tuta litunzwe kwa ajili ya reli ya baadaye huku likitumiwa na umma, na mwaka 1990 kipande cha kwanza kikafunguliwa papa hapa.

Kiingilio hakuna. Kwa kuwa treni haziwezi kupanda mwinuko mkali, njia ni tambarare, na hata mzee au mtoto ataimudu bila kuhema, genge refu likiwa upande mmoja na mto upande wa pili. Mvua kubwa ikinyesha, kokoto laini za chokaa hulainika, hivyo tairi pana ndizo ninazozipendekeza.