Kifurushi cha kutotolesha vinyonga: mashine ya bei kubwa, nzi wa kuhesabu

Mwezi wa Desemba 2023 nilinunua kifurushi cha kutotolesha mayai ya kinyonga katika duka moja la wanyama watambaao hapa Birmingham, Uingereza. Jina la duka nitalihifadhi, kwa kuwa watu wake wamenisaidia karibu mara nyingi sawa na walivyoniudhi. Kifurushi kiligharimu pauni 210. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kutotolesha yenye thamostati, yaani kidhibiti joto, ambayo peke yake ilihesabiwa pauni 120, ndoo na mchanga wa kutagia, vikopo vya plastiki pamoja na vemikulaiti, yaani chembe za madini mepesi yanayoshika unyevu, ya kuhifadhia mayai, kizimba kidogo cha wavu kwa ajili ya watoto, kopo la unga wa kalsiamu, na vyombo viwili vya nzi wa matunda wasioweza kuruka, chakula cha watoto hao. Nimekitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja na kwa matago mawili, kwa hiyo ninachoandika hapa si maoni ya siku ya kufungua boksi.

Vinyonga wangu ni wa aina inayoitwa kinyonga wa Yemen, yule mwenye kilemba kirefu kichwani, ambaye asili yake ni Yemen na upande wa kusini-magharibi wa Saudi Arabia. Mimi ni mtu wa Muheza, nimekulia chini ya milima ya Usambara yenye vinyonga wa kila namna, na marafiki huniuliza kwa nini sikufuga wa kwetu. Jibu ni kwamba Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na tena vinyonga wa milimani huhitaji usiku wa baridi na unyevu ambao ni vigumu kuuiga ndani ya nyumba yenye vipasha joto. Hata hivyo, jina letu limo katika taaluma yao: wanasayansi walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 2006, waliiita Kinyongia. Nilimweleza mama habari hiyo kwenye simu, naye akanijibu, “Haya mwanangu, wenzio wanafuga kuku, wewe umeona lumbwi,” kisha akaniuliza kama nimekula.

Nianze na kilicho bora kabisa katika kifurushi hiki, nacho ni ndoo ya mchanga, ambayo mnunuzi wa kawaida angeiona kama kijazio tu. Kinyonga jike wa aina hii huchimba handaki na kutaga chini, na akikosa mahali panapomridhisha anaweza kuyazuia mayai tumboni hadi yakamuua. Zaidi ya hayo, anaweza kutaga mayai yasiyo na mbegu hata kama hajawahi kukutana na dume, kwa hiyo ndoo hii inamhusu kila mwenye jike, awe anataka watoto au hataki. Mzee anayehudumu kaunta alinionyesha jinsi ya kuulowesha mchanga: unaukamata mkononi, unaufinya, unautoboa kwa kidole, na ikiwa tundu halibomoki na wala maji hayachuruziki, basi umefaa. Alisisitiza kina kisichopungua sentimita 30. Kisha akaniambia neno ambalo halikuandikwa katika karatasi ya maelekezo, nalo ni kwamba jike akianza kuchimba asimwone mtu, kwani akijiona anatazamwa huacha handaki na kurudi mtini akiwa na mayai yake.

Nilimpandisha jike na dume mwishoni mwa Desemba, jike akiwa amepita mwaka mmoja. Siku ya tatu alikuwa amegeuka rangi, weusi wenye madoadoa ya manjano na samawati, na kila dume alipomsogelea alifunua kinywa na kujitikisa kama tawi kwenye upepo. Tarehe 16 Januari 2024 alianza kuchimba. Nilifunika kizimba kwa shuka, nikaacha upenyo wa kuchungulia, na usiku ule niliona mkia tu umebaki nje ya shimo. Asubuhi alikuwa anafukia kwa miguu ya nyuma, macho yamezama na ngozi imekauka kwa uchovu, na chini ya mchanga mlikuwa na mayai 38. Kwa sehemu hii duka linastahili sifa bila masharti yoyote.

Mashine ya kutotolesha ni habari nyingine. Inafanya kazi yake, sikatai. Niliiweka nyuzi 27 za Selsiasi na kipimajoto changu cha pembeni hakikutofautiana nayo kwa zaidi ya nusu nyuzi. Mayai niliyapanga ndani ya vemikulaiti iliyochanganywa na maji kwa uzito ulio sawa, nikayatia alama ya penseli kwa juu ili nisiyageuze, kwa sababu yai la mtambaazi, tofauti na la kuku, halitakiwi kugeuzwa baada ya kijusi kujishikiza. Tatizo ni kwamba mashine yenyewe ni ile ile ya mayai ya kuku, imebandikwa picha ya kinyonga. Ina feni inayokausha hewa, ikanilazimu kupima vikopo kwenye mzani wa jikoni kila wiki na kuongeza maji matone kwa matone, na ina kengele inayolia kila umeme unapokatika hata kwa sekunde moja. Mayai ya kinyonga wa Yemen huchukua takriban miezi sita hadi tisa. Miezi yote hiyo mashine ililia mara nyingi usiku, na kila mara hapakuwa na lolote.

Tarehe 22 Agosti, siku ya 218, niliona mayai manne yametoa matone ya jasho na kunywea kidogo. Saa chache baadaye moja lilipasuka kwa juu, mpasuko wenye umbo la nyota, ikatokea pua isiyozidi punje ya mchele. Mtoto alibaki hivyo, kichwa nje na mwili ndani, karibu saa kumi, naye alikuwa anamalizia kiini. Karatasi ya duka ilisema “msaidie atoke”. Sikumsaidia, na nashukuru nilikuwa nimeshaonywa na daktari wa mifugo kwamba kumvuta mapema ni kumrarua. Alipotoka mwenyewe alikuwa wa kijivu kama jivu la mkaa, akapanda kijiti, na baada ya nusu saa akawa kijani. Kwa kuwa madume ya aina hii huzaliwa na kikwaru kisiginoni, kama cha jogoo, niliweza kuhesabu madume na majike siku hiyo hiyo kwa kioo cha kukuzia. Ndani ya siku tatu walianguliwa 31 kati ya mayai 38.

Hapo ndipo kifurushi kilipoishiwa. Vyombo viwili vya nzi, vyenye bei ya pauni 11 katika jumla ile ya 210, nilipewa siku niliyonunua mashine, Desemba, kwa ajili ya watoto ambao wasingezaliwa kabla ya majira ya kiangazi. Nzi wadogo wa matunda hukamilisha kizazi kimoja kwa wiki mbili hivi, na chombo chao huanza kuota ukungu baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Kumuuzia mtu nzi wa Desemba kwa watoto wa Agosti ni kumuuzia maziwa ya mtoto ambaye mimba yake haijatungwa. Nilikuwa nimelitambua hilo, nikarudi dukani wiki moja kabla na kununua vyombo vitatu vingine, nikihakikishiwa kuwa vinatosha. Chombo cha kwanza kilikwisha kwa siku moja na nusu. Cha pili kilikuwa kizee, chini kimejaa maganda matupu ya mabuu. Cha tatu kilitufikisha Jumapili jioni, na Jumatatu ya tarehe 26 Agosti ilikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa, mlango wa duka umefungwa.

Asiyewahi kufuga anaweza kudhani kwamba kukosa siku moja si kitu. Mtoto wa kinyonga ana urefu wa sentimita sita au saba pamoja na mkia, hana akiba mwilini, na hula mara mbili au tatu kwa siku, tena mawindo yasiyozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Siku ile nilikata ndizi zilizoiva kupita kiasi nikaziweka karibu na pipa la taka nje, nikawa nakusanya vinzi vya mwituni kwa mfuko wa plastiki, jirani akinitazama juu ya ua bila kuuliza. Jumanne asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Kijana wa kaunta aliniambia nzi huletwa Alhamisi. Nilinunua nyenje wachanga, lakini wengi wao walikuwa wakubwa mno, na niliowasahau kizimbani usiku waliwang'ata watoto miguuni. Katika wiki hiyo ya kwanza nilipoteza watoto watano.

Sitaki kuutupa mzigo wote kwa duka. Wawili kati ya hao watano waliumia kwa kiu, si kwa njaa, na hilo lilikuwa kosa langu: nilikuwa napulizia maji kwa haraka asubuhi na jioni, ilhali mtoto wa kinyonga hanywi katika bakuli, hulamba matone yaliyoning'inia kwenye majani, na wakati mwingine huhitaji kupuliziwa dakika mbili mfululizo ndipo akumbuke kunywa. Ishara zilikuwepo, macho yaliyodidimia na ile sehemu nyeupe ya kinyesi iliyogeuka kuwa ya rangi ya chungwa, nami sikuzisoma. Baada ya hapo nilipulizia mara nne kwa siku, na vifo vya namna hiyo vikakoma.

Kizimba cha watoto nacho kimebuniwa na mtu asiyewahi kushika nzi wa matunda. Nzi hao hawaruki lakini wanatambaa, na matundu ya wavu ni makubwa kuliko wao, kwa hiyo nusu ya chakula ilihamia kwenye mapazia yangu. Nilikizungushia kipande cha chandarua nilichokuja nacho kutoka nyumbani, na tangu hapo hakuna nzi aliyetoka. Kubwa zaidi, kifurushi hakina taa ya UVB, yaani ya mionzi ya urujuanimno kama ile ya jua. Bila mionzi hiyo mwili wa kinyonga hautengenezi vizuri vitamini D3, kalsiamu haijengi mfupa, na mtoto anayekua haraka huishia na miguu iliyopinda. Kuuza kopo la kalsiamu na kuiacha taa nje ya kifurushi bila kumwambia mteja ni upungufu ninaouona mkubwa kuliko ule wa nzi, kwa sababu madhara yake huonekana baada ya wiki kadhaa, wakati mteja ameshajilaumu mwenyewe au kumlaumu Mungu.

Kuna jambo jingine ambalo dukani hawakunidokeza. Jike wa aina hii huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, na tarehe 14 Mei 2024, bila kukutanishwa na dume tena, alichimba upya na kutaga mayai 41. Karatasi yao ilikuwa imesema alishwe kadiri anavyotaka, nami nilitii. Daktari wa mifugo ndiye aliyenieleza kwamba shibe ya namna hiyo huongeza idadi ya mayai na kumzeesha jike mapema, akapunguza chakula chake. Kati ya mayai hayo nilibakiza 12, mengine nikayagandisha siku ile ile yalipotagwa, kwani sikuwa na nafasi ya watoto 70 wala sikumjua mtu mwenye nafasi hiyo. Yale 12 sikuyaweka kwenye mashine iliyokuwa imejaa. Niliyaweka katika kopo la aiskrimu lenye vemikulaiti, juu kabisa ya kabati la boila, ambako joto lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 23 na 27. Yalichukua siku 260, yakaanguliwa tarehe 29 Januari 2025, na kumi kati ya kumi na mawili yalitoa watoto, wakubwa kidogo kuliko ndugu zao na wenye hamu ya kula tangu siku ya kwanza. Mayai 12 ni machache mno kuwa ushahidi, lakini yamenitosha mimi kuacha kuipendekeza mashine ya pauni 120 kwa mtu yeyote mwenye kabati lenye joto la wastani na kipimajoto cha pauni tano.

Watoto wa tago la pili walikuta vyombo sita vya nzi jikoni kwangu, ninavyovianzisha mwenyewe kimoja kila siku nne kwa ndizi iliyopondwa, shayiri na hamira kidogo, nikianza wiki tatu kabla ya siku ninayoitarajia. Hakufa hata mmoja katika mwezi wa kwanza.

Nililipelekea duka watoto 16 wa tago la kwanza walipofika miezi mitatu, wakati walikuwa wameanza kugombana na nimeshawatenganisha kwa ukubwa. Mzee alimkagua kila mmoja miguu na taya chini ya taa, akawakataa wawili ambao kweli walikuwa dhaifu, na kwa wengine akanipa pauni 15 kila mmoja, kwa vocha ya dukani, si taslimu. Nilipomlalamikia habari ya nzi hakubisha. Alisema kifurushi hupangwa na mwenye duka, si yeye, na akaniandikia nyuma ya risiti idadi ya vyombo ambavyo angenishauri ninunue kwa kila watoto kumi.

Kifurushi ninakipa nyota mbili kati ya tano. Mzee wa kaunta ninampa tano. Ndoo na mchanga vinauzwa pia peke yake kwa pauni 18, katika rafu ya chini kushoto unapoingia.