Redio ya hali ya hewa ya NOAA: je, itakuamsha kabla ya tornado?

Huduma hii, inayoendeshwa na NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, hutangaza saa 24 katika masafa saba yaliyo kati ya megahezi 162.400 na 162.550. Redio ya kawaida haiyanasi. Lazima mtu anunue kipokezi maalumu. Nimekipima kipokezi hicho kwa swali moja tu, kama kitamwamsha aliyelala kabla tornado haijamfikia.

Sidhani kama swali hilo ni la uonevu. Tornado si kimbunga cha baharini kinachofuatiliwa kwa siku kadhaa, wala si chamchela ya kupeperusha vumbi uwanjani. Ni nguzo ya upepo inayozunguka kwa kasi kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini; nyingi hudumu dakika chache tu, na zile za daraja la EF5, la juu kabisa katika kipimo cha nguvu za tornado, hukadiriwa kuwa na upepo unaozidi kilomita 320 kwa saa. Kwa wastani, onyo hutangulia kwa dakika kumi hivi, na mara nyingine halitangulii kabisa. Ving'ora vya mitaani navyo viliwekwa kwa ajili ya walio nje, hivyo aliyelala ndani asivitegemee.

Hapo ndipo kipokezi kinapostahili sifa. Hukaa kimya hadi ishara ya onyo ifike, kisha hulia kwa ukali ambao hata mwenye usingizi mzito hataupuuza, na chenye betri huendelea kufanya kazi umeme ukikatika au mtandao wa simu ukianguka. Ni muhimu kuingiza msimbo wa tarakimu sita wa kaunti yako, kwani bila huo kitalia kwa ajili ya kaunti za mbali hadi ukizime kwa hasira.

Kasoro yake kubwa iko papo hapo. Tangu 2007 wataalamu huchora eneo la onyo kufuata njia ya dhoruba yenyewe, lakini kipokezi huamsha kaunti nzima, na kwa kuwa maonyo mengi hayafuatwi na tornado yoyote, watu huzoea. Huko Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei 2011, wengi walisikia ving'ora lakini wakasubiri uthibitisho mwingine kwanza. Waliokufa walizidi 150.

Mtumiaji ajifunze pia lugha yake: tahadhari maana yake hali ya hewa inaruhusu tornado kutokea, ilhali onyo maana yake imeonekana kwa macho au kwa rada, na hapo ni kukimbilia chumba cha chini kabisa kisicho na madirisha. Anayeishi katika nyumba ya kuhamishika aondoke mapema, wakati wa tahadhari.

Nakipa nyota nne. Ya tano naizuia hadi kijue kutofautisha mtaa wangu na kaunti nzima.