Dola za ukumbusho: tuziweke kwenye mizani

Karibuni tena mezani. Leo nina sarafu tatu za Marekani, zote zimeandikwa dola moja. Wengi wenu mnaoishi huko mmenitumia picha: "Kaka, nimeikuta kwenye droo ya nyumba niliyopanga, nimetajirika?" Haya, tupime.

Hii ya kwanza naisogeza kwenye kamera. Sanamu ya Uhuru, 1986, mwaka ilipotimiza miaka 100. Bado ina kasha lake na cheti. Mizani ya sonara inasoma gramu 26.73. Asilimia 90 ni madini ya fedha, iliyobaki shaba, kwa hiyo ndani mna fedha wakia 0.7734, ile wakia ya masonara yenye gramu 31.1. Tuseme wakia inauzwa dola 30. Zidisha: dola 23 na senti 20. Hiyo 30 ni ya hesabu tu, siku ya kuuza angalia bei ya siku hiyo.

Na lile kasha? Karibu bure, jamani. Ona hii herufi S, maana yake imepigwa San Francisco. Za namna hii zilitoka zaidi ya milioni 6.4! Nani atagombania kitu ambacho kila jirani anacho kabatini?

Sasa ya pili, hapa ndipo penye utamu. Paralimpiki ya Atlanta, 1996, mwanamichezo akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Uzito uleule, fedha ileile, ila dola hii ilitoka kwa sura mbili. Moja inang'aa kama kioo na ina herufi P, ya Philadelphia. Nyingine imefifia kidogo, ina D, ya Denver. Ukimwekea mtu zote mbili mbele, atachukua inayong'aa. Mimi pia ningechukua hiyo, zamani. Lakini za P zilitoka zaidi ya 84,000, na za D ni 14,497 tu. Hiyo iliyofifia ndiyo wakusanyaji wanayoitafuta, na wanailipia zaidi ya fedha iliyomo. Kwa hiyo kabla ya kuuza kwa kilo, chukua kioo cha kukuzia usome herufi. Ni ndogo mno, usione aibu kuinama.

Usiisafishe! Narudia, usiisafishe. Dola yangu ya kwanza niliisugua kwa dawa ya meno ikawa safi kama kijiko cha harusini. Mnunuzi aliiinamisha kwenye taa mara moja tu, akaona mikwaruzo, akanipa bei ya kuyeyusha. Kama unayo nzuri, ishike kwenye ukingo, uirudishe kwenye kasha lake. Ukiona ni adimu kweli, ipeleke kwa kampuni za kupima sarafu kama PCGS au NGC, wanaotoa alama za ubora kuanzia 1 hadi 70. Kwa ile ya 1986 usijisumbue, ada yao inaweza kuzidi faida.

Bei za mtandaoni nazo, tazama zilizokwisha kuuzwa, siyo zinazoombwa. Kuomba hata mimi naweza kuomba dola elfu kumi.

Ya tatu ni hii ya njano, George Washington, 2007. Najua mtauliza. Siyo dhahabu: ni shaba iliyochanganywa na zinki, manganizi na nikeli. Zilipigwa kwa mamilioni, na nyingi thamani yake ni dola moja ileile. Ila izungushe uangalie ukingo, maana mwaka na maandishi mengine viliwekwa huko. Zipo zilizotoka kiwandani ukingo ukiwa mtupu, na hizo wakusanyaji huzinunua kwa zaidi ya dola moja.

Ngoja niizungushe hii yangu... naona 2007, naona P, maandishi yote yapo. Basi, hii inalipia kahawa.