Slesi ya jibini au cheda ya bonge?

Kwenye friji ya supamaketi mjini Nakuru zimepangwa bega kwa bega, ila ukigeuza pakiti utaona si ndugu wa karibu. Cheda, aina ya jibini gumu, ni maziwa, chumvi, bakteria wa kuchachusha na kimeng'enya cha kugandisha. Slesi ni jibini iliyoyeyushwa pamoja na maji, maziwa ya unga au mafuta, na chumvi za sitreti au fosfeti.

Slesi moja ya gramu 20 huwa na kalori 60 hivi na protini gramu 3 hadi 4. Cheda ya uzito huo ina kalori 80 na protini gramu 5. Slesi ni nyepesi, sawa, lakini wepesi huo kwa sehemu kubwa ni maji. Shida yake ni sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi: mara nyingi miligramu 250 hadi 300, cheda ikiwa na 130 hivi. Ukiigeuza sodiamu hiyo kuwa chumvi (zidisha mara 2.5), slesi mbili hukaribia gramu 1.5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Mwenye presha atosheke na moja. Mkate nao una chumvi yake.

Anayesumbuliwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, achukue cheda iliyokomaa.

Kwenye moto slesi inashinda. Zile chumvi za sitreti au fosfeti hushikanisha protini na mafuta, kwa hiyo huyeyuka laini. Cheda ikizidiwa na moto huachia mafuta juu na kubaki nyuzi ngumu kama mpira. Ikwaruze, tumia moto mdogo, epua inapolegea tu. Kwa joto la Kisumu, usiiache mezani hadi itoe jasho.