OpenSSL 3.5: anza na funguo, vyeti vingoje

Anayenasa mawasiliano ya hospitali leo halazimiki kuyasoma leo. Anaweza kuyaweka akiba mpaka ipatikane kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kuvunja RSA na X25519, algoriti za usimbaji zinazotumika leo, ndipo ayafungue. Kwa taasisi yenye siri za kutunzwa miaka kumi na zaidi, OpenSSL 3.5, toleo la maktaba ya programu inayosimba mawasiliano ya mtandaoni, lililotoka Aprili 2025, si la kusubirisha. Litahudumiwa hadi Aprili 2030, na limebeba algoriti za kuhimili kompyuta hizo, zilizopitishwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2024: ML-KEM ya kukubaliana funguo, pamoja na ML-DSA na SLH-DSA za kutia sahihi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba chaguo-msingi la kukubaliana funguo sasa ni X25519MLKEM768. Algoriti ya zamani na mpya zinafanya kazi pamoja, kwa hiyo moja ikivunjwa, nyingine bado inalinda. Inahitaji TLS 1.3, toleo jipya la itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti.

Kusakinisha peke yake hakutoshi. Kati ya mifumo ya Linux, Debian 13 inakuja nayo, lakini Ubuntu 24.04 imebaki kwenye 3.0. Kagua pia kwa nginx -V, maana nginx, programu ya seva ya tovuti, inaweza kuwa imejengwa kwa OpenSSL ya zamani. Kosa baya zaidi ni lile lisilopiga kelele: mstari wa ssl_ecdh_curve kwenye usanidi wa nginx, unaotaja njia za kukubaliana funguo, ulionakiliwa miaka iliyopita ukiwa na secp384r1 ya zamani tu. Tovuti inafunguka, alama ya kufuli ipo, ulinzi mpya haupo! Weka hapo X25519MLKEM768:X25519:prime256v1, pakia upya nginx, kisha pima:

openssl s_client -connect seva:443 -tls1_3 -groups X25519MLKEM768

Muunganisho ukikataliwa, seva bado haijawa tayari.

Tatizo jingine ni ukubwa. Ufunguo anaotuma mteja, yaani kivinjari au programu inayounganishwa na seva, umepanda kutoka baiti 32 hadi 1,216, hivyo ujumbe wa kwanza hauenei tena kwenye pakiti moja ya baiti 1,500. Fayawoli na vifaa vya zamani vya kugawa mzigo wa seva, vilivyozoea kuupata mzima, huukata au huuacha ukining'inia. Sasisha kifaa hicho, usizime ML-KEM.

Vyeti vya tovuti, vinavyothibitisha kwa sahihi kuwa seva ni yenyewe, viacheni kwanza. Sahihi ya ML-DSA-65 ni baiti 3,309, ya RSA-2048 ni 256, na sahihi haiwezi kughushiwa kwa kurudi nyuma. Nakala za akiba zilizofungwa kwa AES-256, usimbaji usiotishiwa sana na kompyuta ya kwanta, nazo hazina haraka. Pa kuijaribia ML-DSA ni kwenye funguo za ndani zinazothibitisha programu za vifaa vitakavyokaa kazini miaka mingi bila kubadilishwa.